Kodi 52 haiondoki: kupima sensa ya noki na kontroli boksi mezani

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Mbeya. Nina Toyota Carina ya zamani yenye injini ya 3S-FE. Taa ya injini inawaka, na nikiunganisha pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi inahesabu kodi 52, yaani hitilafu ya sensa ya noki (mlio wa mafuta kujilipukia ndani ya silinda). Nimeshafunga sensa mbili za mtumba, kodi inarudi. Kwa malta mita sioni ohmu yoyote kwenye sensa. Mlimani gari linachoka kabisa. Mteja yuko tayari kununua kontroli boksi (kompyuta ya injini) nyingine, lakini sitaki kumtia hasara kwa kubahatisha. Naweza kupima vitu hivi mezani?

Jibu: Nzuri, ndugu fundi. Unaweza, na umefanya vyema kumzuia mteja asinunue kwanza.

Kutoona ohmu si ubovu. Ndani ya sensa hiyo ya waya mmoja kuna kauri ya piezo, inayotoa umeme ikitikiswa, na kati ya ncha yake na bodi umeme haupiti. Ukipita, hapo ndipo uitupe. Sensa bapa za Toyota za miaka ya baadaye, zile zenye tundu katikati, ndizo zilizowekewa rezista ndani na husoma kiloohmu 120 hadi 280. Kipimo hicho usikitumie kwa ya zamani.

Ifunge sensa kwenye kipande kizito cha chuma, iunganishe na osiloskopu (kifaa kinachochora wimbi la umeme), kisha kigonge chuma kwa spana ndogo. Wimbi linapaswa kuruka, kisha lififie polepole, likiwa na mizunguko karibu saba kwa kila milisekunde. Silinda ya 3S-FE ina kipenyo cha milimita 86, na noki yake hulia karibu na kilohezi 6.7, sensa ya aina hii imetengenezwa iitikie sauti hiyo. Ukiona mruko mmoja kisha kimya, kauri imepasuka. Sensa za mtumba hufa hivyo sana, kwa sababu huangushwa au hukazwa kupita kiasi.

Boksi ndilo lenye kazi, na wengi hudanganyika hapa. Wanaingiza wimbi la kilohezi 7 mfululizo kwenye pini ya KNK, inayopokea sensa ya noki, taiming (wakati wa cheche) haisogei, wanasema boksi limekufa. Boksi halisikilizi noki muda wote. Husikiliza kwenye dirisha fupi baada ya pistoni kupita juu kabisa, kisha hulinganisha na kelele ya kawaida ya injini. Wimbi lisilokatika linahesabiwa kuwa ndiyo hiyo kelele. Lazima ulipatie boksi vipande vifupi vya wimbi, kwa wakati wake.

Chukua distributa ya gari hilohilo, izungushe kwa drili kuelekea upande wake wa kawaida, mizunguko kama 1,000 kwa dakika. Injini huzunguka mara mbili ya distributa, kwa hiyo boksi litaona 2,000. Toyota nyingi za enzi hiyo hazihukumu kodi 52 chini ya 1,600. Mahali pa sensa ya joto la maji weka rezista ya ohmu 300, boksi lione injini imeshapata moto. Sensa ya vakyumu iache wazi hewani, isome mzigo mkubwa. Waya wa IDL (swichi inayoonyesha injini iko sailensa) usiguse ardhi (bodi), na TE1 iwe huru, la sivyo taiming inaweza kufungwa mahali pamoja. Ignaita (kifaa kinachowasha koili) na koili viwepo ili IGF, ishara ya kuthibitisha cheche, irudi kwenye boksi, na plagi zishike ardhi vizuri. Umeme wa koili si wa kuchezea. Mikono iwe mbali.

Sasa jenereta ya mawimbi. Ifyatuliwe na IGT (amri ya cheche kutoka kwenye boksi) pale inaposhuka, maana hapo ndipo cheche hutoka. Kwa mizunguko 2,000, digrii 12 hupita kwa milisekunde moja. Cheche ikitoka digrii 20 kabla ya pistoni kufika juu, chelewesha wimbi milisekunde 3 hivi, kisha liachie kwa milisekunde 2. Lipitishe kwenye kapasita ya nanofaradi 1, anza na milivolti 50 na uongeze taratibu. Kwenye chaneli nyingine ya osiloskopu tazama ukingo wa IGT dhidi ya wimbi la NE (ishara ya mzunguko kutoka distributa). Boksi lisilo na hitilafu litausogeza ukingo nyuma mara tu linapoisikia noki, na ukikata wimbi utaona ukirudi mbele kidogokidogo. Ukingo ambao tangu mwanzo uko nyuma na haubanduki maana yake boksi limejihami: limerudisha taiming nyuma kuilinda injini. Ndicho kinacholichosha gari lako mlimani. Futa kodi kwa kukata umeme wa BATT (unaotunza kumbukumbu ya boksi), ujaribu tena. Ikija kodi 53, tatizo liko ndani ya boksi lenyewe.

Boksi likiitikia mezani, usinunue lingine. Fuata waya kutoka KNK hadi kwenye sensa. Asili yake ni waya wenye wavu wa chuma kuuzunguka, na wavu huo hushika ardhi upande wa boksi. Mara nyingi nakuta umekatwa ukaungwa kwa waya wa kawaida, ukapitishwa sambamba na waya za plagi. Pima kama umekatika, pima kama unagusa wavu wake, na ukiuchezesha karibu na soketi ya sensa tazama kama kipimo kinaruka, kwani joto la injini huukausha pale kwanza.