Hakuna pesa ya urani inayonifikia

Mdogo wangu,

Sauti yako nimeisikiliza mara mbili, ndani ya gari, nje ya kiwanda. Eti Likasi nzima inasema nimefikia mji wa bomu, na kwamba Marekani inatulipa sisi wa Katanga kwa sababu ya urani iliyochimbwa mgodi wa Shinkolobwe. Nani kakwambia? Mpe namba yangu.

Mji ndio huu kweli, Richland, jimbo la Washington, na Hanford, eneo la vinu vya nyuklia, iko kaskazini yake. Urani ya mradi wa Manhattan, ule wa Marekani wa kuunda bomu la atomiki, sehemu kubwa ilitoka kwetu, na hapa ndipo ilipotengenezwa plutoni, kiini cha bomu la Nagasaki. Ndani ya uzio nimeingia mara moja, kwa basi la watalii. Kinu cha kwanza, kilichowashwa Septemba 1944, siku hizi ni makumbusho. Aliyetutembeza aliongea weee, Kongo ikapata sentensi moja. Mimi niliyefundisha kemia miaka yote ile nikanyamaza. Kesho yake zamu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri.

Kazi yangu ni kukata mafuta kwenye nyama ya ng'ombe, nimesimama, ndani ya baridi ya friji, saa kumi kwa siku. Asubuhi vidole havikunjiki. Mke wangu ndiye anayenifunga vifungo vya shati, kama mtoto. Diploma iko kwenye sanduku. Hakuna aliyeomba kuiona.

Wanaokula pesa ya Hanford ni wahandisi na mafundi wa kusafisha. Plutoni iliachwa kutengenezwa mwaka 1987, lakini uchafu wake umejaa matangi 177 chini ya ardhi, lita zaidi ya milioni 200. Kusafisha huko sitakuona kukiisha. Watoto wa sekondari hapa wanavaa fulana zenye wingu la bomu, timu yao inaitwa Bombers. Mwanzoni nilikuwa nageuza uso. Sasa nawapisha tu dukani.

Mafundi hao wanatembea na vipimo vya mionzi mwilini. Wewe unaniomba dola 300 za pampu, ukachimbe kobalti Shinkolobwe, na kandambili! Mgodi ulifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004, na mwaka huohuo ukawafukia watu. Usiende. Najua utaniuliza mtakula nini, na mimi niko mbali nimeshiba. Sawa, niulize.

Usije huku. Yaani, ukipata loteri ya viza, njoo, nani atakataa? Ila jifunze kuchomelea vyuma, achana na vitabu, vimenifikisha wapi? Hapana, kwanza maliza shule. Na Kiingereza, anza leo.

Nimetuma dola 150. Mia ni dawa za mama, hamsini zako, lakini si za pampu. Na habari ya vidole usimwambie mama.