Doha: nani anambagua nani?

Swali linalorudi kila mara kutoka nyumbani ni hili: "Huko Qatar, Waarabu wanatubagua?" Ndugu zangu, ubaguzi upo. Ila anayekudharau kila siku mara nyingi si Mqatari. Huyo unaweza kumaliza miezi hujasemezana naye.

Wenyeji ni kama mmoja katika kila wakazi kumi, na ndio wenye gesi na sheria. Wanachoogopa ni kumezwa, kwa hiyo wamefunga mlango: sheria ya 2005 inamtaka mgeni akae miaka 25 mfululizo ndipo aombe uraia, na Mqatari akitaka kuoa mgeni huomba kibali cha serikali.

Wahindi, Wanepali na Wabangladeshi ndio wengi. Wingi huo haumwondoi fundi wa Nepal kambini, lakini unawapa wenzake viti vya katikati: msimamizi, karani, mpanga zamu. Habari ya nafasi ya kazi hupita kwa Kihindi au Kimalayalam (lugha ya Kerala, kusini mwa India) kabla haijabandikwa ukutani. Hapo ndipo mlinzi wa Kenya, Uganda au Tanzania anapoumia, kwa zamu za usiku na likizo ya kusubiri. Mara nyingi si chuki. Mtu anambeba anayemjua. (Nasi tungepewa daftari la zamu, sijui kama tungefanya tofauti.)

Ubaya wa kuwa wachache na wa chini ni kwamba kosa halibaki la mtu. Mkenya mmoja akisinzia lindoni, Waafrika wote ni wavivu. Mhindi akisinzia, amesinzia yeye.

Wafilipino wametoka hapo kwa nguvu ya serikali yao: mwaka 2006 iliweka dola 400 kuwa mshahara wa chini wa mfanyakazi wa ndani aendaye nje. Msichana wetu kwenye jiko hilohilo huenda akasaini pungufu, na wakala atamwambia ndiyo bei ya pasipoti yake.

Usikubali. Tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyal 1,000 kwa mwezi kwa uraia wowote, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri havitoi. Kukushikia pasipoti ni kosa. Ukitaka kuhama kazi huhitaji ruhusa ya kafili, yaani mwajiri anayekudhamini: toa notisi kwa maandishi kupitia Wizara ya Kazi, mwezi mmoja kama hujapita miaka miwili kazini, miezi miwili kama umepita. Usiondoke kimyakimya, maana ukiripotiwa mtoro, kesi inakugeukia wewe.