Damu imekata, je, bado niende Dodoma?

*Mbukwenyi dada. Nina miaka 56, naishi wilaya ya Mpwapwa. Siku zangu zilikoma miaka minne iliyopita. Mwezi wa saba, tukiwa tunabangua karanga, niliona damu. Ilitoka siku tatu, kidogo kidogo, haikuniuma popote. Nikaenda kituo cha afya. Daktari, kijana sawa na mwanangu wa mwisho, aliniuliza maswali mengi, akaniandikia barua niende hospitali ya rufaa ya mkoa, Dodoma. Hii ni wiki ya tatu, barua iko chini ya godoro. Damu imekata. Wifi yangu anasema ni ujana umenirudia, akanipa mizizi ya kuchemsha. Shoga yangu mmoja alikwenda Dodoma kwa miguu yake, akarudishwa kwenye jeneza. Mume wangu sijamwambia, naogopa atawaza mengine. Na nina magunia sita ya karanga sijauza. Niende, au nisubiri nione kama itarudi?*

*Mama wa Mpwapwa*

Mbukwenyi dada yangu. Nenda. Usisubiri damu irudi, wala usisubiri karanga ziishe. Nimelitanguliza jibu ili hata ukiitwa jikoni sasa hivi uwe umeondoka nalo. Yanayofuata ni sababu zangu, na namna ya kuifanya safari yenyewe isikulemee.

Mwanamke akikaa mwaka mzima bila kuona siku zake, amekoma hedhi. Damu yoyote itakayotoka baada ya hapo, iwe tone au iwe ya kulowanisha kanga, lazima itafutiwe chanzo. Wifi yako nadhani alitaka kukutoa hofu, na namshukuru kwa moyo huo, lakini hedhi haianzi upya baada ya miaka minne. Yule kijana wa kituo cha afya alilijua hilo. Alikusikiliza, akauliza maswali mengi, akaona jambo linalohitaji vipimo vikubwa zaidi, akaandika barua. Amefanya kazi yake vizuri sana, na ningependa kila kituo kiwe na mtu kama yeye.

Naona kinachokushika zaidi ni hilo la damu kukata. Sasa sikiliza. Kijinyama kwenye mlango wa kizazi, uvimbe, hata saratani inayoanza, vyote vinaweza kutoa damu siku tatu, vikanyamaza miezi miwili, kisha vikaanza tena. Damu kukata hakuna maana kwamba kilichoitoa kimeondoka. Kutouma nako hakukuambii kitu, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi na ile ya mji wa mimba mara nyingi haziumi mwanzoni. Maumivu ya kiuno, uchafu wenye harufu mbaya, mguu kuvimba, hayo huja baadaye, wakati matibabu yameshakuwa magumu.

Nimelitaja neno saratani makusudi, maana najua ndilo lililolala chini ya godoro pamoja na hiyo barua. Wanawake wengi wanaotoka damu baada ya kukoma hedhi hukutwa na mambo mengine: ngozi ya ndani ya uke au ya mji wa mimba imekuwa nyembamba kwa kupungukiwa homoni, au kuna kijinyama, au maambukizi. Mengi ya hayo yana dawa, au upasuaji mdogo tu. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba takriban mmoja kati ya kumi hukutwa na saratani ya mji wa mimba. Kwetu Tanzania lazima niongeze kwamba saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, na makadirio ya kimataifa yanataja wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba hakuna kitu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kama kipo, damu ile imekutonya mapema. Wanawake wenye saratani ya mji wa mimba, kama tisa kati ya kumi, dalili yao ilikuwa hiyohiyo ya damu, na wale waliokwenda kupimwa mara moja wengi wao hufanyiwa upasuaji wakapona, kwa sababu ugonjwa ulikuwa bado haujatoka nje ya kizazi.

Pole sana kwa shoga yako. Jeneza linaposhushwa kijijini kila mtu huliona na hukumbukwa miaka mingi. Anayerudi na bahasha ya dawa, wiki inayofuata yuko shambani kwake, hakuna anayemhesabu. Na wengi wanaofia hospitalini walifika huko baada ya miezi ya kusubiri na kuchemsha mizizi. Ugonjwa wake haukuwa wako, dada. Kwa barua kama yako mtu kwa kawaida huonwa kliniki ya magonjwa ya wanawake, anapimwa, jioni analala alikofikia.

Hukuandika kwamba unaona aibu, ila ulivyomtaja huyo daktari kuwa sawa na mwanao wa mwisho nimekuelewa. Ngoja nikueleze kitakachofanyika, maana usichokijua hutisha zaidi. Utaulizwa hedhi ilikoma lini, damu ilikuwaje, unatumia dawa gani. Utalala kitandani umekunja magoti, umejifunika kanga yako, na daktari ataingiza kifaa cha kufungua njia ili auone mlango wa kizazi. Kwa umri wetu kuna ukavu, kinaweza kuuma kidogo. Sema. Vipo vidogo, na kuna kilainishi. Baada ya hapo ni altrasaundi, inayopima unene wa ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Ukiwa mwembamba, milimita 4 kushuka chini, ni habari njema. Ukiwa mnene, daktari atataka kuchukua kinyama kidogo kipelekwe maabara. Usimkatalie. Watu husema kukata kinyama kunaiamsha saratani, na maneno hayo yamewachelewesha wanawake wengi. Si kweli. Bila kinyama hicho hakuna anayejua anatibu nini.

Kwenye foleni utawasikia wenzako wakitaja kipimo cha siki, yaani kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi ili kuona dalili za mwanzo za saratani ya hapo. Ni kipimo kizuri kwa wanawake wasio na dalili, hasa wa miaka 30 hadi 50, na kama una mabinti wa umri huo waambie wakifanye. Kwa umri wako na dalili yako hakitoshi peke yake. Ukiambiwa siki haijaonyesha kitu, uliza: na mji wa mimba je?

Kuhusu atakayekupima, omba daktari wa kike. Kama siku hiyo hayupo, omba nesi wa kike asimame kando yako mpaka mwisho, au uingie na ndugu yako. Liseme mapema, ukiwa unaandikishwa, usingoje mpaka umeshavua nguo. Na ikitokea damu imerudi asubuhi ya safari, usiahirishe kwa kuona haya. Vaa pedi, nenda hivyohivyo. Madaktari wa kliniki hiyo damu ndiyo kazi yao.

Nimelifikiria sana la mume wako. Umeficha kwa sababu unaogopa ataona damu ni alama ya mwanamke aliyetembea nje. Lakini kadiri siku zinavyokwenda ndivyo siri yenyewe itakavyofanana na kosa. Mwambie usiku mkiwa wawili, kwa maneno machache: "Baba, siku zangu zilishakoma, na mwezi wa saba nilitoka damu. Daktari anasema inatakiwa kupimwa Dodoma. Barua hii hapa. Nataka twende wote." Mpe barua mkononi aione. Wanaume wengi wa rika lake, wakionyeshwa karatasi ya hospitali, huacha kuwaza mengine wakaanza kuuliza nauli ni kiasi gani. Akigoma, ongozana na dada yako au mtoto mkubwa. Ruhusa ya kupimwa mwili wako unaitoa wewe mwenyewe, daktari hatadai saini ya mumeo ili akupime.

Karanga: uza gunia moja au mawili sasa, hata kama bei hujaipenda, yanayobaki mwachie mtu unayemwamini. Kama kaya yenu ina kadi ya bima ya afya, ichukue, na barua usiisahau, maana bila rufaa bima inaweza kukwama dirishani. Kama mfuko hautoshi kabisa, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini kabla hujakata tamaa. Wapo kwa ajili ya watu wasioweza kulipia. Jitahidi uingie mjini siku moja kabla. Familia nyingi za Mpwapwa zina mtu Nkuhungu au Chang'ombe. Lala kwake, alfajiri uwe umefika. Barua ina wiki tatu sasa, kwa hiyo pita kwanza kwa yule kijana uhakikishe bado inakubalika. Kama sivyo, akuandikie nyingine.

Mizizi iache kwanza, na usikubali mtu akupe dawa yoyote ya kuingiza ukeni. Ukishafika, mtajie daktari kila ulichokunywa bila kuona haya, pamoja na vidonge vya presha au vingine ulivyonavyo.

Na kabla ya safari hiyo, damu ikianza kutoka kwa wingi, ukajaza pedi ndani ya saa moja, au ukaona kizunguzungu na moyo unakwenda mbio, hapo usipange siku. Nenda hospitali ya wilaya muda huohuo, hata kama ni usiku.

Majibu ya kinyama hayatoki siku hiyo. Huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki, na hapa ndipo wanawake wengi hupotea: wanarudi kijijini, hawapigiwi, wanadhani kimya maana yake wako salama. Kabla hujatoka kliniki hakikisha wameandika namba ya simu inayopatikana, ya kwako na ya huyo ndugu wa mjini, uliza urudi tarehe ngapi na umwone nani, na tarehe hiyo iandikwe kwenye karatasi utakayobaki nayo wewe.