Pakiti za krispi chini ya godoro la baba

Figo za baba zimeshindwa kazi, na kila Jumatatu alipopanda mzani kabla ya kusafishwa damu kwa mashine, nesi alikunja uso. Kilo tatu na nusu zimeongezeka tangu Ijumaa. "Mzee, umekunywa maji kiasi gani?" Baba anaapa ni kikombe kilekile nilichompimia, nami namtetea kwa nguvu zote.

Siku moja nikatandua kitanda chake. Chini ya godoro kulikuwa na pakiti tatu za krispi na moja ya karanga za chumvi, zote tupu. Wajukuu ndio waliokuwa wakitumwa dukani, na chenji ilikuwa mshahara wao. Ndipo nikaelewa pia kwa nini mtungi ulikuwa ukipungua usiku.

Tulikuwa tunagombana naye juu ya maji, kumbe ugomvi wenyewe ni chumvi. Fikiria dripu ya kawaida ya hospitali: lita moja ina gramu 9 za chumvi, na mwilini nako chumvi hutaka maji kwa kiasi kama hicho. Figo isipoweza kuitoa chumvi, mwili huikalisha na maji yake, na kiu haikuachi mpaka unywe. Maji hayo ndiyo yanayovimbisha miguu, yanapandisha presha na usiku yanakunyima pumzi ukilala chali. Kumwambia mtu aliyekula krispi asinywe maji ni kumwonea.

Kwa hiyo ukiniuliza kama krispi na karanga za chumvi vinamfaa mgonjwa wa figo, nasema havimfai. Na kama umezoea kula, jifunze kwanza kusoma pakiti. Wagonjwa wengi wa figo huelekezwa wasipite miligramu 2,000 za sodiamu (madini yaliyo ndani ya chumvi) kwa siku, yaani kama gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Pakiti ikiandika miligramu 200, angalia ni za nini. Mara nyingi ni za "sehemu" moja, na pakiti ina sehemu nne. Ukiimaliza (nani anaachia njiani?) umekula 800, na mchuzi wa mchana bado.

Soma na viungo pia. Ukiona neno lenye "phosphate", au namba kama E450, E451 na E452, rudisha rafuni. Hiyo ni fosfeti (madini ya fosforasi) ya kiwandani, inaingia kwenye damu kwa wepisi kuliko ile ya maharage, na ikizidi huleta mwasho na kudhoofisha mifupa. Soseji na jibini za kupaka huwa nazo sana.

Lililonitisha zaidi ni chumvi ya "sodiamu kidogo". Niliinunua kwa nia njema. Nyingi ya hizo hupunguza sodiamu kwa kuweka potasiamu, madini mengine ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa, na potasiamu ikipanda inaweza kusimamisha moyo. Mtaalamu wa lishe aliniambia niitoe jikoni siku hiyohiyo. Usiinunue kabla hujaulizia majibu ya damu ya mgonjwa wako, maana viwango vya watu havilingani.

Siku hizi namkaangia bisi mwenyewe, bila chumvi, nanyunyiza pilipili manga na bizari kidogo. Wiki ya kwanza alisema zina ladha ya karatasi. Ulimi ulichukua kama mwezi kuzoea. Kilo za Jumatatu zimeshuka hadi mbili, wakati mwingine chini ya hapo.

Idi iliyopita zilipanda tena, pilau na achari. Safari hii alimwambia nesi mwenyewe kabla hajavua viatu.