Maswali ya Wasomaji: Ukuta wa Moto Ulioacha Mlango Wazi

SWALI: Nina duka la kuchapisha na intaneti hapa Birere, Goma, lenye mashine saba za Windows. Wateja huingia kwa akaunti ya kawaida, na kila mashine ina programu ya ukuta wa moto iliyowekwa na fundi. Juzi nimekuta mashine mbili zina akaunti mpya ya msimamizi na ukuta umezimwa. Nywila yangu hakuna anayeijua. Wamepitia wapi?

JIBU: Pengine hawakuhitaji nywila yako. Ukuta wa moto huchuja yanayopita mtandaoni. Mteja aliyeketi mbele ya kioo ameshakuwa ndani. Na programu hizo kwa kawaida huwa na huduma, yaani programu inayofanya kazi nyuma ya pazia, inayoendeshwa kwa jina la LocalSystem, akaunti ya Windows yenyewe, yenye nguvu kumpita hata msimamizi. Anayeweza kubadilisha faili la huduma hiyo amezirithi nguvu zake.

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika sc qc na jina la huduma, utaona njia ya faili lake. Kisha pima ruhusa za folda lilimo (C:\Ukuta ni mfano, weka njia ya kwako):

icacls "C:\Ukuta"

Kosa la kawaida ni fundi kuiweka programu moja kwa moja kwenye C:\ badala ya C:\Program Files. Folda inayozaliwa pale hurithi ruhusa pana, na kwenye Windows ya Kifaransa utasoma Utilisateurs authentifiés:(I)(M), yaani kila aliyeingia kwa akaunti. M ni kubadilisha, F ni kila kitu. RX, yaani kusoma na kuendesha tu, haina neno. Faili linaloendeshwa halifutiki, ila hukubali kubadilishwa jina: mteja analiita vingine, anaweka lake, anangoja mashine iwake upya. Kwa umeme wetu huu, hangoji sana.

Dawa safi ni kuiondoa programu na kuiweka upya ndani ya Program Files. Kusasisha juu ya folda ileile hakutoshi, kwani ruhusa hubaki zilezile. Ukilazimika kuiacha pale, zima kwanza kinga ya programu yenyewe, ile inayozuia folda yake kuguswa, halafu:

icacls "C:\Ukuta" /inheritance:d
icacls "C:\Ukuta" /remove:g *S-1-5-11

Namba hiyo ndiyo Utilisateurs authentifiés katika lugha yoyote, hivyo hutahangaika na herufi za Kifaransa. Angalia d: ukiandika r, ruhusa zote zilizorithiwa zinafutika, za mfumo pia, na ukuta hautawaka tena. Pima upya kwa icacls. Utilisateurs wabaki na RX.

Tundu la usalama likiwa ndani ya draiva ya ukuta, yaani sehemu yake inayofanya kazi ndani kabisa ya Windows, ruhusa za folda hazisaidii; ni toleo jipya tu. Lipakue mara moja, ulibebe kwa flashi, na kabla ya kulifungua tazama Propriétés, Signatures numériques.

Zile mbili usizitibu: hifadhi kazi za wateja, weka Windows upya. Kwenye tano zilizobaki andika net localgroup Administrateurs, usome jina moja moja.