Kanuni Mpya Zikija, Maneno Yako Yawe Yameshafika

Juma lililopita msomaji mmoja anayesindika siagi ya karanga kule Iringa aliniandikia kuuliza kama kuna faida yoyote kwa msindikaji mdogo kuhudhuria vikao vya wadau vya kutoa maoni juu ya kanuni za chakula, ikiwa kanuni zenyewe "huwa zimeshapikwa". Nami ni msindikaji wa vyakula na machungu hayo nayajua, hivyo nitamjibu kwa urefu.

Tuliokuwamo katika kazi hii kabla ya 2019 tunakumbuka jinsi chakula kimoja kilivyosimamiwa na mamlaka mbili, TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) kwa upande wa usalama na TBS (Shirika la Viwango) kwa upande wa ubora, kila moja ikiwa na fomu zake, wakaguzi wake na ada zake. Mpango wa Serikali wa mwaka 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara, ambao wengi wetu tunauita MKUMBI, uliutaja bayana mwingiliano huo wa majukumu. Mwaka uliofuata Sheria ya Fedha ikahamishia TBS udhibiti wa chakula na vipodozi kuanzia tarehe 1 Julai 2019, na TFDA ikawa TMDA, yenye kushughulikia dawa na vifaa tiba. Zingatieni njia iliyotumika: badiliko kubwa kiasi hicho lilipitia sheria ya bajeti, ambayo wasindikaji wengi hudhani ni ya mambo ya kodi tu.

Sasa niseme yaliyonipata. Katika kikao kimoja, ambacho sitakitaja kilikuwa cha nani, nilisimama nikaeleza kwamba kuihesabu kila ladha ya achari kuwa bidhaa mpya yenye ada yake kunatuua sisi wadogo. Mwenyekiti alijibu, "Tumelichukua," na katibu aliyeketi pembeni yake hakugusa hata kalamu. Rasimu ilipotoka, kifungu kilikuwa vilevile. Mpaka leo naumia nikikumbuka.

Safari iliyofuata kikundi chetu cha kinamama kilipeleka barua. Tulitaja namba ya kifungu, tukayanakili maneno yaliyopo, chini yake tukaandika maneno tunayotaka yachukue nafasi yake, kisha tukaambatisha hesabu ya ada ikilinganishwa na faida ya katoni moja ya chupa. Tuligongewa muhuri wa mapokezi kwenye nakala yetu. Kanuni zilipotangazwa katika Gazeti la Serikali, nilikuta sentensi yetu imo, imebadilishwa maneno machache tu, na naisema habari hii kwa fahari kubwa.

Ndugu zangu, acheni kulalamika vibarazani. Anayeandika kanuni anahitaji sentensi ya kuweka mahali pa ile anayoifuta, na msipompa ninyi, atapewa na mwenye kiwanda kikubwa aliyeajiri mwanasheria. Andikeni, tena andikeni mapema, kwa sababu kanuni hutungwa na waziri na huweza kuanza kutumika bila kujadiliwa bungeni kama muswada unavyojadiliwa. Muswada wa Sheria ya Fedha nao husomwa mwezi Juni, na Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau kwa siku chache mno.

Wewe wa Iringa, anza na jedwali la ada lililo mwishoni mwa kanuni, maana ndiko pesa yako inakokwenda, na barua yako isainiwe na wasindikaji wenzako wote wa mtaa huo.