Kimbunga mtarajiwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Leeds, Uingereza, na mama yangu amekuja kunitembelea kutoka Muheza. Kiingereza hakijui, kwa hiyo kila jioni namsomea utabiri wa wiki. Juzi nilimtafsiria hivi: "Katika wiki ijayo ya vuli, kanda ya Yorkshire inatarajiwa kuwa na hali ya mawingu na hali ya mvua katika baadhi ya maeneo, huku kukitarajiwa hali ya upepo mkali siku ya Jumatano na hali ya ukungu nyakati za asubuhi. Hali ya joto inatarajiwa kushuka hadi nyuzi joto 7." Mama akaniuliza, "Hiyo vuli ya huku wanapanda nini?" Nikakosa jibu. Je, autumn ni vuli? Na outlook ya hali ya hewa tuiite mtazamo au mwelekeo? Halafu mvua ya huku, ambayo haikolei wala haikatiki, ni manyunyu au rasharasha?

JIBU: Marahaba, na mama mpe salamu zangu. Swali lake limelishinda lako, kwa hiyo naanza nalo.

Vuli wanapanda mahindi na maharage. Jibu ndilo hilo, na ndiyo maana Leeds hakuna vuli. Kwetu neno hili ni mvua kwanza, majira baadaye. Ni zile mvua za Oktoba hadi Desemba, zinazokuja ukanda wa mvua unapolifuata jua kwenda kusini, zikanyesha Tanga na pwani yote ya kaskazini, Unguja na Pemba, Kilimanjaro na Arusha, na kuzunguka Ziwa Victoria. Nenda Songea uulize vuli, watakushangaa. Wao wana msimu mmoja tu, unaoanza Novemba na kuishia Aprili. Sasa kama vuli imeshindwa kufika Songea, itafikaje Leeds?

Kosa si lako. Sote tuliimbishwa darasani majira manne, na mtu fulani zamani akayachukua manne yetu akayalazimisha yawe manne ya Ulaya, kama mtoto anayerithishwa viatu vya kaka yake. Masika ikawa maua, kipupwe ikawa theluji, vuli ikawa majani kupukutika. Kwa vuli, kinachofanana na huko ni kalenda peke yake. Huko Oktoba majani yanageuka manjano, jua linawahi kuzama, na mwisho wa mwezi saa zinarudishwa nyuma. Huku Oktoba mtu anatafuta mbegu. Wako wanaopendekeza demani, na neno lenyewe nalipenda sana, lakini demani ni kipindi ambacho kusi, ule upepo wa kutoka kusini, inalegea, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba hivi, na bila bahari na tanga halina kazi. Liache pwani. Sema "majira ya kupukutika majani". Ni refu, ndiyo, ila halimdanganyi mtu. Au sema Oktoba. Mama hakuulizi majira, anauliza koti.

Kuhusu outlook, sema mwelekeo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa kila mwaka "mwelekeo wa mvua za msimu wa vuli", na hapo wamepatia: kitu kinaelekea, hakijafika. Mtazamo huwa na mwenyewe. Kuna mtazamo wangu na mtazamo wako, ila mvua haina mtazamo wowote.

Hayo yamekwisha. Sasa turudi kwenye tafsiri yako, ambayo hukuniuliza lolote juu yake na ambayo imeninyima usingizi. Nimeihesabu kwa kidole. Katika sentensi mbili una "hali" tano na "tarajiwa" tatu. Hujazitunga wewe, najua. Umezisikia redioni tangu utotoni, ukadhani utabiri bila maneno hayo haujawa utabiri, kama harusi isiyo na pilau.

Tuanze na hilo tarajiwa, maana ndilo ugomvi wangu wa siku nyingi. Kutarajia ni Kiarabu, na kule lilikotoka asili yake ni kutumaini. Kiswahili kililipokea na joto lake lote. Anayetarajia ameshaweka moyo wake mahali. Mkulima anatarajia mavuno, mzazi anatarajia matokeo ya mwanawe. Kijana aliyekwisha peleka posa anamtambulisha binti wa watu kwa fahari: "Huyu ni mtarajiwa wangu." Hakuna kijana aliyewahi kulitamka neno hilo huku amenuna.

Basi fungua redio. Mafuriko yanatarajiwa. Upepo mkali unatarajiwa. Maporomoko ya udongo yanatarajiwa katika maeneo ya miinuko. Wakazi wa mabondeni wanatarajiwa kuathirika. Kwa lugha hii, kila baa linalotujia ni mchumba.

Mfano ambao sitausahau ni wa Mei 2024. Kimbunga kilikuwa kinakuja pwani yetu, na katika orodha ya majina ya vimbunga vya upande huu wa Bahari ya Hindi zamu ilikuwa ya jina Hidaya. Hidaya kwa Kiswahili ni zawadi, tunu anayopelekewa mtu wa heshima. Hilo halikuwa kosa la mtu. Orodha hupangwa kabla na majina hufuatana tu. Lakini ujumbe ulionifikia simuni ulisema Hidaya "inatarajiwa" kuwasili Mafia. Nikausoma mara mbili. Zawadi inatarajiwa kuwasili! Kama kifurushi kutoka kwa shangazi aliyeko Maskati. Mpwa wangu, ambaye hafuatilii habari, aliposomewa aliuliza ni Hidaya yupi huyo na anakuja na boti ya saa ngapi. Kimbunga kikatua, nyumba na mazao vikaharibika, barabara ya kusini ikakatika upande wa Somanga. Watu wa Mafia na Kilwa hawakuwa wanakitarajia. Walikuwa wanakihofia, na kitenzi hicho tunacho: "inahofiwa kimbunga kitatua Mafia". Hakina herufi nyingi zaidi, hakilipiwi ushuru, na kingemfanya mpwa wangu akae kimya.

Kisha kuna suala la nani. Mvua inatarajiwa na nani? Mkulima wa Lushoto anaitarajia, mwenye tanuri la matofali anaiombea ipite mbali. Mtabiri mwenyewe hatarajii chochote, ametazama picha za satelaiti na vipimo vyake, akakokotoa. Kazi yake inaitwa kutabiri. Ofisi nzima imejengwa kwa ajili ya kitenzi kimoja, halafu taarifa inatoka bila kitenzi hicho kutumika hata mara moja.

Kijana mmoja anayeifanya kazi hiyo aliwahi kulitetea neno hili mbele yangu kwa upole. "Mzee, sisi hatuna uhakika. Tukisema itanyesha isinyeshe, mtatucheka." Nilimwelewa, lakini sikukubaliana naye. Kwanza tutawacheka vilevile. Pili, kutokuwa na uhakika ni jambo ambalo Kiswahili kinalimudu kuliko lugha nyingi nilizokutana nazo. Ukiwa na hakika, sema itanyesha. Ukiwa na shaka, huenda ikanyesha. Ukiwa katikati, yamkini. Ukiona dalili, inaelekea kunyesha. Na ukiona hakuna kitu, haielekei. Ngazi nzima hiyo, nao wamekaa kwenye kidato kimoja. Wataalamu haohao wakitoa mwelekeo wa msimu wanakwambia kwamba mvua za wastani ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Watu wanaoweza kuipima mvua hadi asilimia wanashindwaje kupima kitenzi?

Na uhakika wenyewe haujawasaidia. Kuna asubuhi moja, redio nisiyoitaja ilitangaza kwamba jua "linatarajiwa kuchomoza" saa kumi na mbili na dakika kadhaa. Nilisimama na kikombe cha chai mkononi. Linatarajiwa? Tangu dunia iumbwe halijachelewa, leo ndiyo tunaliwekea matarajio? Nilitoka nje kuhakikisha. Lilikuwa limechomoza.

"Hali ya" nitaipitia haraka kwa sababu nimeshapandisha presha. "Hali ya hewa" ni jina la kitu, na sina neno nalo. Wakenya wanasema "hali ya anga", nao pia wako salama. Ila mvua si hali ya mvua. Ukungu ni ukungu. Mtu aliyelowa hajapatwa na hali ya mvua, amenyeshewa. "Hali ya joto kushuka hadi nyuzi joto 7" ndiyo ilinimaliza kabisa. Mama wa Muheza anatetemeka ndani ya sweta mbili, unamtajia joto mara mbili katika sentensi moja! Hilo ndilo baridi, mwanangu. Lina jina.

Ubaya wa maneno haya mawili ni kwamba yanakula vitenzi. Na kwa mambo ya angani Kiswahili kina hazina ya vitenzi, kila kitu na chake. Mvua hunyesha, upepo huvuma, mawingu hutanda, radi hupiga, anga hutakata, bahari huchafuka kisha hutulia, jua huwaka, na likizidi huchoma. Ukisema "kutakuwa na hali ya mawingu" umelitoa wingu kazini. Halitandi, halikusanyiki, halibebi mvua, lipo tu, kama karani asiyejua mkuu wake amekwenda wapi.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi Pangani. Alfajiri alisimama penye mlango wa mto, mkono mmoja umeshika pindo la kikoi lisipeperuke, akatazama upande wa kisiwa cha Maziwe kwa muda wa kumaliza sigara moja. Kisha alirudi na taarifa yake, ambayo sisi watoto tuliijua kwa moyo: "Kusi imelegea. Mawingu yamebeba. Mchana itanyesha. Nguo zianueni mapema." Sentensi nne, kila moja na kitenzi chake, na ya mwisho inakwambia cha kufanya. Alikosea mara nyingi tu, lakini alikosea kwa Kiswahili safi, na nguo zetu zikabaki kavu hata siku ambazo hazikuwa na haja ya kuanuliwa.

Kwa hiyo leo jioni msomee mama hivi: "Wiki ijayo Yorkshire mawingu yatatanda, na mahali pengine mvua itanyesha. Jumatano upepo utavuma kwa nguvu. Asubuhi kutakuwa na ukungu, na baridi itafika nyuzi 7." Nimekuachia "kutakuwa na" moja, maana ukungu nao hutanda na sikutaka utande mara mbili. Unaona ilivyofupika? Huo muda uliookoa mchemshie chai ya tangawizi.

Sijidanganyi kwamba nitashinda. Nimelipiga vita "tarajiwa" tangu redio ya nyumbani ilipokuwa ya betri sita, nalo limeota mizizi, limezaa na wajukuu. Sasa madaraja yanatarajiwa kujengwa, bei zinatarajiwa kupanda, na marehemu anatarajiwa kuzikwa kesho. Huyo wa mwisho ndiye aliyenifanya nipunguze ukali kidogo. Mwandishi wa tangazo la msiba analia, hana nafasi ya kuchagua vitenzi, na lugha imempa lile lililokuwa karibu. Akija mvuvi au mkulima akaniambia mvua inatarajiwa, nitamwamini na nitanyamaza, kwa kuwa yeye kweli anaitarajia. Walio ofisini wenye kiyoyozi ndio ninaowadai.

Limebaki la manyunyu. Manyunyu ni mvua nyembamba inayoshuka taratibu kwa muda mrefu, ambayo ukiitazama dirishani huioni hadi utoke. Rasharasha ni matone machache ya hapa na pale, yanakudondokea begani, unaangalia juu, yameshaacha. Hiyo ya Leeds ulivyoieleza, isiyokolea wala kukatika, ni manyunyu. Ikianza kupenya koti hadi kwenye shati, iite mvua tu.